Safari ya siku moja kwenda maporomoko ya mlimani: panga kuanzia kurudi

Wengi wanaoshindwa na safari hii hawashindwi na mlima. Njia ni fupi, miguu ipo, hali ya hewa ni nzuri. Kinachowaponza ni hesabu. Wameanza saa 5, wamefika saa 8 badala ya saa 7, wamekaa sana kwa kuwa maji yanapendeza, kisha giza limewakuta katikati ya msitu na simu ina asilimia 11 ya chaji. Wengine hutembea kilomita nne bila kujikwaa, halafu wanateleza hatua kumi tu kutoka kwenye maji.

Ndiyo maana hapa siku inapangwa kuanzia nyuma: kwanza saa ya kurudi, kisha saa ya kugeuza, mwisho saa ya kuondoka. Mwongozo ni wa watu wenye afya ya kawaida, pamoja na watoto wanaotembea wenyewe, kwenye njia isiyohitaji kamba. Mwenye tatizo la moyo, pumu isiyotulia au goti bovu aongee na daktari kwanza.

## Vitu vya kuandaa

Andaa jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi ya safari ni ya kunywa chai na kuondoka.

- Viatu vya kufunga, vilivyokwisha kuuzoea mguu, soli yenye meno. Bonyeza soli kwa ukucha: ikibonyea kidogo, mpira wake ni laini na utashika jiwe lenye maji. Ikiwa ngumu kama ndoo ya plastiki, viatu hivyo viache nyumbani.
- Soksi jozi mbili, za sufu au nailoni. Jozi ya pili ni ya kubadilisha mkishaondoka kwenye maji.
- Begi la mgongoni la lita 20 hadi 25. Kubwa zaidi ya hapo utalijaza tu.
- Koti la mvua na nguo moja nzito ya sufu au flisi, hata kama jua linawaka.
- Tochi ya kichwani yenye betri mpya. Tochi ya simu hula chaji ya kupigia, na hushughulisha mkono unaouhitaji kwenye mteremko.
- Filimbi, itundikwe kwenye mkanda wa begi. Ikiwa ndani ya begi, aliyeanguka hawezi kuifikia.
- Simu yenye chaji kamili na pawabenki, ramani ya eneo ikiwa imeshapakuliwa.
- Mifuko miwili isiyopitisha maji: mmoja wa simu, mwingine wa nguo nzito.
- Huduma ya kwanza: plasta za ukubwa tofauti, shashi, bandeji ya kuvutika, utepe wa kubandika, dawa ya maumivu mliyozoea kutumia, na dawa za kila mtu anayetumia dawa.
- Fimbo moja kwa kila mtu, urefu wa kufikia kiwiko kilichokunjwa.
- Kofia, mafuta ya kukinga jua, mfuko wa taka, karatasi ya choo na kijiko kidogo cha kuchimbia.

Tahadhari kuhusu nguo. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba hufyonza maji na kukaa nayo. Karibu na maporomoko kuna manyunyu muda wote, kwa hiyo utalowa hata siku isiyo na wingu. Pamba iliyolowa hunyonya joto la mwili, na huko juu hewa yenyewe ni baridi: kila mita 1,000 za kupanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Mita 500 juu ya mahali ulipoegesha gari ni zaidi ya nyuzi tatu, kabla hujahesabu upepo unaosukumwa na maji yenyewe.

## Hatua ya 1: Chagua njia iliyo nyepesi kweli

Neno "rahisi" kwenye maelezo ya njia limeandikwa na mtu ambaye hujui miguu yake. Tumia vipimo:

- kwenda na kurudi kusizidi kilomita 8;
- kupanda kwa jumla kusizidi mita 300 hadi 400;
- sehemu ya juu kabisa iwe chini ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, maana kuanzia hapo baadhi ya watu huanza kuugua kwa upungufu wa hewa;
- pasiwe na mahali pa kupanda kwa mikono;
- kama kuna kijito cha kuvuka, maji yasipite kifundo cha mguu.

Hakikisha jambo moja linalowachanganya wengi: kilomita zilizoandikwa ni za kwenda tu, au za kwenda na kurudi? "Kilomita 8" ikiwa ni ya kwenda tu, safari ni kilomita 16, na hiyo si safari ya anayeanza.

### Mtego wa njia iliyopinduka

Kwenye mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Maporomoko mengi yako ndani ya korongo, na maegesho yako juu ukingoni. Hapo mpango unapinduka: mnashuka asubuhi mkicheka, mnafika haraka, mnadhani njia ni ya watoto, kisha mnakuta mlima wote unawasubiri wakati wa kurudi, jua likiwa kali na chupa zikiwa nusu.

Kuugundua mtego huu ni rahisi. Angalia kwenye ramani namba za mistari ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) mahali pa kuanzia na kwenye maporomoko. Kama pa kuanzia pana namba kubwa zaidi, njia yako imepinduka. Haina ubaya, ila hesabu ya muda na maji ibadilike, kama tutakavyoona katika hatua ya 3.

Ukiwa bado na ramani, tazama pia nafasi kati ya mistari hiyo. Ikisongamana, mteremko ni mkali. Njia fupi iliyokatiza mistari iliyosongamana inachosha kuliko njia ndefu inayoambaa nayo.

Dalili kwamba umefanikiwa: unaweza kutaja bila kusoma umbali wa kwenda na kurudi, mita za kupanda, na kama kupanda kunakuja mwanzo au mwisho.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Maporomoko yana msimu. Kiangazi kikikolea, mengine hubaki uzi mwembamba juu ya jiwe. Mvua zikikolea, njia ni tope na mto ni hatari. Wakati mzuri huwa wiki mbili tatu baada ya mvua kubwa kukatika: maji bado ni mengi, udongo umeanza kushika. Tafuta picha zilizopigwa mwezi huohuo, si zile za kuvutia wageni.

Utabiri wa hali ya hewa uusome mara mbili: siku tatu kabla na usiku wa kuamkia safari. Usiangalie pale mnapokwenda tu. Angalia sehemu za juu za mlima zinakotoka maji ya mto huo, kwa sababu mvua inayonyesha kilomita nyingi juu yenu huteremka korongoni hata kama kichwani mwenu kuna jua. Angalia pia siku mbili zilizopita: ardhi iliyoshiba maji haimezi tena, kila tone linaingia mtoni.

Ahirisha kama kuna tahadhari ya mvua kubwa au ngurumo katika eneo lote la mto, au kama imenyesha sana usiku uliotangulia. Usiseme "tutaangalia tukifika". Mkishafika na gari limejaa watu, hakuna atakayetaka kugeuza.

Siku hiyohiyo ya kuangalia utabiri, piga simu kwa wanaosimamia eneo. Uliza njia iko wazi au imefungwa, saa ya kufunga lango, kama kibali au mwongoza wageni ni lazima, na kama daraja lolote limevunjika.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda, kuanzia nyuma

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Chukua karatasi.

Wapanda milima hutumia kanuni ya Naismith, ya mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo husema: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi, asiyepumzika. Kwa kundi la wanaoanza, au lenye watoto, ongeza nusu ya jibu.

Tuchukue njia ya kilomita 4 za kwenda, yenye kupanda mita 300:

- Umbali: kilomita 4 ni dakika 48.
- Kupanda: mita 300 ni dakika 30.
- Jumla dakika 78. Ongeza nusu yake, 39. Unapata dakika 117, sawa na saa 2.
- Kurudi kwa kushuka: dakika 48, ongeza nusu, ni 72. Mteremko wenye unyevu haukimbiliwi, kwa hiyo weka saa 1 na dakika 30.
- Kukaa kwenye maporomoko: saa 1. Usiweke nusu saa. Hakuna kundi linalokaa nusu saa.

Jumla ni saa 4 na dakika 30.

Sasa anza nyuma. Tuseme jua linazama saa 12:30 jioni. Muwe mmerudi mahali pa kuanzia angalau saa mbili kabla, yaani saa 10:30. Msituni na ndani ya korongo giza huingia mapema kuliko kwenye uwanda, kwa hiyo usizile saa hizo mbili. Toa saa 1:30 ya kurudi: mwisho kabisa wa kuondoka kwenye maporomoko ni saa 9:00 alasiri.

Huo ndio ukuta, usiufanye mpango. Kwenye milima mingi mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri na mvua huja alasiri. Mpango mzuri ni kuyapa maporomoko kisogo kufikia saa 6:00 mchana:

- kuanza kutembea: saa 3:00 asubuhi
- kufika: saa 5:00
- kuondoka kwenye maji: saa 6:00 mchana
- kurudi mlipoanzia: saa 7:30 mchana

Kati ya saa 7:30 na 10:30 kuna saa tatu zisizo na kazi. Hizo ndizo bima yenu. Mtu aliyeteguka kifundo anaweza kutumia mara mbili au tatu ya muda wa kawaida, na saa tatu hizo ndizo zitakazomfikisha kabla ya giza.

Kwa njia iliyopinduka, geuza namba: kwenda saa 1 na dakika 30, kurudi saa 2, tena kwa miguu iliyochoka. Ondokeni kwenye maji saa 5:30 badala ya saa 6:00.

Saa 6:00 mchana (au 5:30) iitwe saa ya kugeuza, na kila mtu aijue kabla ya kuondoka nyumbani. Ikigonga, mnageuza popote mlipo, hata kama mnasikia maji yakiunguruma nyuma ya kona. Kona hiyo ina tabia ya kuzaa kona nyingine.

Dalili kwamba umefanikiwa: saa nne (kuanza, kufika, kugeuza, kurudi) zimeandikwa kwenye karatasi, na kengele ya simu imewekwa dakika 15 kabla ya saa ya kugeuza, ili muda wa kupiga picha ya mwisho uwepo.

## Hatua ya 4: Maji na chakula

Nusu lita kwa saa kwa mtu mzima, siku ya joto la wastani. Safari yetu ya saa 4:30 inataka lita 2 na robo, beba 2.5. Kukiwa na joto kali au njia iliyopinduka, beba 3. Acheni chupa nyingine mlipoanzia kwa ajili ya kurudi.

Maji ya maporomoko yanaonekana safi kwa sababu yanatembea. Hiyo haiyafanyi salama: juu yake kuna wanyama, na pengine watu. Ukilazimika kuyatumia, yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kama mko juu ya mita 2,000. Huko juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi, ndiyo maana yanahitaji muda.

Chakula kiwe kidogo na cha mara kwa mara: karanga, matunda makavu, ndizi, mkate, mayai ya kuchemsha. Kuleni kidogo kila baada ya saa moja. Mlo mzito pale kwenye maji huleta usingizi, na bado mna mteremko mbele yenu. Ongeza kitu chenye chumvi. Anayetoka jasho jingi na kunywa maji matupu huanza kuumwa kichwa.

## Hatua ya 5: Acha taarifa kwa mtu mmoja

Kuposti si kuacha taarifa. Chagua mtu mmoja asiyekwenda, mwenye kupokea simu, umtumie ujumbe wa maandishi wenye mambo haya:

1. majina na idadi ya watu;
2. jina la njia na mahali pa kuanzia;
3. namba ya gari na litakapoegeshwa;
4. saa ya kurudi (7:30 mchana);
5. saa ya kuanza kutafuta (kwa mfano saa 11:00 jioni), na namba ya kupiga ikifika.

Jambo la tano ndilo linalosahaulika. Bila hilo, anayewasubiri ataona aibu kupiga simu mapema, atangoja hadi usiku, na usiku utafutaji ni mgumu mara nyingi zaidi.

Kisha iandae simu. Fungua ramani uliyopakua ukiwa umezima data, uone kama kweli inafunguka. Setilaiti za GPS hazihitaji mtandao wa simu, lakini picha ya ramani isipokuwemo ndani ya simu utaona kidoa cha buluu juu ya uwanja mtupu. Njiani weka simu katika hali ya ndege: ikikosa mnara huongeza nguvu kuutafuta, na betri huisha upesi.

## Hatua ya 6: Njiani

Anayetembea polepole akae mbele. Akikaa nyuma, kila mkisimama kumsubiri ninyi mnapumzika, naye akifika mnaondoka. Yeye hapumziki kamwe. Mtu mwenye uzoefu akae mwisho, ili asiachwe mtu.

Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukiongea maneno mawili mawili, punguza. Pumzikeni dakika 5 kila dakika 45, na msikae sana hadi misuli ikapoa.

Mguu ukianza kuchoma, simama hapohapo. Mchomo huo ni lengelenge linalotaka kuzaliwa. Vua kiatu, futa jasho, bandika utepe moja kwa moja juu ya ngozi bila mikunjo, vaa soksi iliyonyooka. Kazi ya dakika 3. Ukisubiri hadi mfike, ngozi itakuwa imeshainuka na utachechemea njia yote ya kurudi.

Mizizi iruke, usiikanyage. Mzizi uliolowa na kuambuliwa gome huteleza kuliko jiwe, hasa uliolala kwa mshazari kwenye mteremko. Mguu ukitua juu yake huenda pembeni, na kifundo ndicho kinacholipa.

Geuka nyuma kila penye njia panda. Tazama njia itakavyoonekana mkirudi, piga picha. Njia panda iliyo wazi wakati wa kwenda hufichwa na mti ukitokea upande wa pili.

Kama kuna kijito cha kuvuka, tafuta mahali palipopanuka, maana palipobana maji ni ya kina na yana kasi. Tupa kijiti majini, utembee ukingoni sambamba nacho. Kikikuacha, msivuke. Maji ya kasi yaliyofika gotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mkivuka, fungua mkanda wa begi wa kiunoni, elekeza uso yanakotoka maji, fimbo mbele yako, mguu mmoja kwa wakati. Msivuke kamwe juu ya maporomoko, hata kama maji yanafika kifundoni tu. Kabla ya kuvuka popote jiulize: nikianguka hapa, maji yatanipeleka wapi?

## Hatua ya 7: Mita hamsini za mwisho

Hapa ndipo mwendo unapaswa kupungua, na hapa ndipo kila mtu huongeza mwendo. Umeona maji, umetoa simu, macho yako juu. Miguu imeachwa ijitafutie.

Fanya mambo haya kwa mpangilio huu.

Simameni kabla ya manyunyu. Wekeni simu zote kwenye mifuko. Vaeni makoti. Kubalianeni ishara tatu za mkono: njoo, simama, tunaondoka. Mkisogea zaidi hamtasikizana, na kelele hizo hufunika hata ngurumo ya radi. Kwa hiyo mmoja wenu apewe kazi ya kutazama anga kila dakika kumi.

Soma mawe. Jiwe la kijivu lisilong'aa, lenye chembe unazozihisi kwa kidole, linashika. Jiwe jeusi linalong'aa lina utando wa mwani. Lipapase uone, ni kama sabuni iliyolowa. Jiwe lenye kijani cha kuvutia usilikanyage hata likiwa tambarare. Kanyaga kwa nyayo nzima, usitangulize kisigino, na usihamishe uzito kabla mguu wa mbele haujatulia. Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe. Pakiwa na shaka, chuchumaa na utumie mikono. Hakuna anayekuandikia alama.

Weka alama ya maji. Tafuta jiwe lililo ukingoni kabisa, nusu ndani nusu nje, au chomeka kijiti mahali maji yanapoishia. Kila dakika kumi litazame. Ndani ya korongo mnaona ukanda mwembamba tu wa anga, mvua ya juu hamwioni. Jiwe litawaambia. Ondokeni mara moja, kwa kupanda juu ukingoni, msikimbie kufuata mto, mkiona moja kati ya haya:

- jiwe la alama limefunikwa;
- maji safi yamegeuka ya udongo;
- majani na vijiti vimeanza kuja kwa wingi;
- mngurumo umebadilika, umekuwa mzito.

Msirudi kuchukua begi.

Kaeni pembeni, si chini ya maji yanapodondokea. Maporomoko hayaangushi maji tu. Hushusha mawe na magogo bila taarifa, na jiwe la ukubwa wa ngumi likitoka mita 20 juu linatosha kuua.

Kuogelea. Ushauri wetu kwa wanaoanza ni kutoogelea. Maji yanapodondoka huzunguka chini kwa chini na kumrudisha mtu palepale alipokuwa anajitoa. Tena yale meupe yenye povu yamejaa hewa, hayambebi mwogeleaji kama maji ya kawaida. Na baridi yake humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila kutaka. Akivuta akiwa chini, anavuta maji. Kama eneo linaruhusu na mnataka kulowesha miguu, fanyeni hivyo chini zaidi, mahali maji yametulia, chini panaonekana na kina hakipiti goti. Asiruke mtu kichwa chini popote.

Picha. Anayepigwa asimame kwanza, atulie, ndipo mpigaji atafute nafasi yake. Asirudi nyuma mtu yeyote huku akitazama skrini. Na ukingo wa juu wa maporomoko usikaribiwe. Jiwe la pale limelainishwa na maji kwa miaka mingi, na huteleza kuelekea kusiko na kitu.

Choo kiwe angalau mita 60 kutoka kwenye maji, hatua 80 hivi, kwenye shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20 linalofukiwa. Karatasi irudi kwenye mfuko wa taka, pamoja na maganda ya matunda.

Dalili kwamba mmefanikiwa: kengele inalia, mna nguo kavu, jiwe la alama liko pale pale, na hakuna aliyelalamika kwamba muda ulikuwa mfupi mno. Haya, mmoja atalalamika.

## Hatua ya 8: Kurudi

Badilisheni soksi kabla ya kuanza. Ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Kama mnashuka, kaza kamba za viatu upya, hasa sehemu ya juu karibu na kifundo, ili mguu usisogee mbele. Jaribu: gonga ncha ya kiatu chini mara mbili. Vidole vikigusa mbele, kaza tena, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kesho. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, tanguliza fimbo. Goti lililonyooka hupokea uzito wote kwa kishindo.

Kama mnapanda, gaweni maji yaliyobaki kwa idadi ya mapumziko, msiyamalize kwenye pumziko la kwanza.

Watu huteguka zaidi wakati huu kwa sababu wanaongea habari za maporomoko na hawaangalii chini. Anayetaka kusimulia asimame kwanza.

## Mambo yakiharibika

Ngurumo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti, gawa kwa tatu, unapata kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 nanyi mko hatarini. Tokeni majini na mahali pa wazi, msikae chini ya mti ulio peke yake wala kwenye mdomo wa pango, achaneni nafasi. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kifundo kimeteguka. Usimvue kiatu moja kwa moja. Mguu ukivimba hautarudi ndani. Legeza kamba, mkalishe, mpe dakika 15 mguu ukiwa juu ya begi. Anaweza kuweka uzito na kupiga hatua nne? Funga bandeji kwa kupita juu ya kiatu, mpe fimbo mbili, begi lake ligawanywe. Hawezi? Mvisheni nguo nzito sasa hivi, kabla hajaanza kutetemeka, muombe msaada.

Mmepotea. Simameni. Rudini kwenye picha ya mwisho ya njia panda kama mna uhakika nayo. Msifuate mto kushuka mkidhani utawafikisha barabarani: mto wenye maporomoko moja mara nyingi una mengine chini yake.

Kuomba msaada. Simu ikikataa, jaribu ujumbe mfupi; huweza kupita mahali ambapo sauti haipiti. Andika mko wapi, wangapi, mtu ana nini. Ishara ya milimani inayojulikana nchi nyingi ni milio 6 ya filimbi (au mimuliko 6 ya tochi) ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha tena. Jibu ni milio 3. Endeleeni hata baada ya kusikia jibu, maana wanaokuja hufuata sauti.

## Mkifika mlipoanzia

Hesabu watu. Kisha, kabla ya kuwasha gari na kabla ya kutuma picha hata moja, mpigie yule uliyemwachia taarifa umwambie mmetoka. Usimtumie ujumbe unaoweza kukwama kwenye mtandao hafifu. Subiri usikie sauti yake. Viatu vitolewe nyayo za ndani, vijazwe karatasi kavu na viwekwe kivulini. Jua kali na moto hulegeza gundi ya soli, na utagundua hilo safari ijayo, ukiwa kilomita tatu ndani.